Fundi Umeme Anajibu: Betri Inayolala, Taa za Onyo na Maji Chini ya Kapeti

Barua za safari hii zimetoka kwa wenye magari makubwa ya kifahari ya 4x4 yaliyokwishatumika: yale ya suspensheni ya hewa, viti vya umeme na moduli lukuki (kompyuta ndogo za gari) zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe. Kabla ya kugusa chochote, tafuta mita ya kidijitali ya kupima volti, ampea na omu, pamoja na mchoro wa fyuzi wa gari lako hasa, wa mwaka wake. Mchoro wa gari linalofanana na lako utakupoteza.

SWALI: Salamu mafundi. Gari langu ni la mwaka 2011, petroli, silinda nane. Nikiliegesha siku tatu haliwaki. Nimeshanunua betri mbili mpya. Fundi mmoja anasema altaneta (jenereta inayochaji betri injini ikiwaka), mwingine anasema kompyuta. Nimsikilize yupi?

JIBU: Ndugu msomaji, isikilize mita kwanza, hao wawili wasubiri.

Anza na betri yenyewe. Ichaji ijae, iache ipumzike usiku kucha ikiwa imefunguliwa waya wa hasi, kisha pima. Betri nzima husoma volti 12.6 au zaidi, 12.2 ni nusu, 11.9 kushuka chini ni kama tupu. Washa injini: vichwa vya betri visome kati ya volti 13.8 na 14.7. Magari yanayodhibiti chaji kwa kompyuta yanaweza kupanda au kushuka nje ya hapo kwa muda, kwa hiyo washa taa kubwa na feni kabla ya kumhukumu altaneta. Halafu, injini ikiwa bado inanguruma, hamisha mita kwenye volti za AC. Ikizidi 0.5, diodi ya altaneta (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) imekufa. Diodi hiyo hiyo inaweza kunyonya betri gari likiwa limezimwa, na hutaiona kwenye fyuzi yoyote ndogo.

Altaneta akipita mtihani, tafuta kinachokula umeme usiku. Hapa ndipo wengi wanakosea, maana wanapima moduli zikiwa macho. Fungua boneti, kisha funga kitasa chake kwa bisibisi ili gari liamini boneti imefungwa. Fanya vivyo hivyo kwa mlango unaokupeleka kwenye boksi la fyuzi. Funga gari kwa rimoti na upeleke ufunguo mbali, mita kumi hivi, kwa sababu gari la kuingia bila ufunguo huamka likiusikia karibu. Weka mita kwenye soketi ya ampea 10, kati ya kichwa cha hasi na waya wake. Ni vizuri kwanza uunganishe waya wa kusaidia kati ya sehemu hizo mbili ili umeme usikatike, na uutoe mita ikishaunganishwa. Ukikatika, moduli zote huamka na saa yako inaanza upya. Subiri dakika 30 hadi 40. Mita ikiwa hapo usifungue mlango wala kuwasha gari, utaunguza fyuzi ya ndani ya mita. Mwenye mita ya kubana waya inayopima DC anaepuka usumbufu huu wote.

Gari likishalala, usomaji uwe chini ya miliampea 50. Tuseme umepata ampea 0.5. Kwa siku tatu hiyo ni Ah 36 (ampea-saa). Betri ya Ah 90 iliyojaa inaweza kuvumilia, lakini ya gari linalokwenda safari fupi fupi haijai kamwe, na stata (mota ya kuwashia injini) ya silinda nane haitakuwa na huruma nayo.

Usichomoe fyuzi moja moja. Kila ukichomoa na kurudisha unaamsha kitu. Weka mita kwenye milivolti na uguse vile vitundu viwili vya juu ya kila fyuzi. Fyuzi iliyolala husoma sifuri. Fyuzi ya ampea 10 ikionyesha milivolti 1, inapitisha zaidi kidogo ya miliampea 100. Fuata mstari huo kwenye mchoro.

Washukiwa wetu, kwa mpangilio wa kuwashuku: kifaa chochote kilichofungwa baada ya gari kutoka kiwandani (kifuatiliaji, alamu, redio, taa za ziada), swichi ndogo ya kitasa cha mlango wa nyuma inayodhani mlango uko wazi, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya kompresa ya suspensheni iliyoganda, sensa ya mkono wa mlango iliyoingia maji.

Jambo moja kuhusu zile betri mbili. Ikiwa kwenye kichwa cha hasi kuna kisensa kidogo chenye plagi, gari linahesabu chaji. Betri mpya lazima isajiliwe kwa skana (kifaa cha kusoma kompyuta za gari), la sivyo kompyuta itaendelea kuichaji kama ile kuukuu. Kama iliyotoka ilikuwa ya AGM (aina ambayo asidi yake imenywewa na mkeka wa nyuzi za kioo), irudi ya AGM. Na ukichaji kwa mashine, hasi ya chaja ibane kwenye bodi, isiwe kwenye kichwa cha betri, ili kisensa kione kilichoingia.

SWALI: Nikiwasha asubuhi, dashibodi inajaa taa: ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu kukwama ukikanyaga breki), suspensheni, gia, stiaringi. Nikizima na kuwasha tena zinatoweka. Nimeambiwa ninunue moduli ya ABS. Je, ni kweli?

JIBU: Ni nadra moduli ya ABS kuugua kila asubuhi na kupona baada ya dakika moja. Mifumo minne ni nadra kufa kwa pamoja. Mara nyingi kinachokufa ni kitu inachokitegemea yote, yaani volti.

Mwombe mtu akuwashie gari huku mita ikiwa kwenye betri, ikiwa imewekwa ishike usomaji wa chini kabisa (MIN) kama mita yako inaweza. Wakati stata inazunguka volti zisishuke chini ya 9.6. Zikishuka hadi 8, moduli nyingi hujizima na kuamka katikati ya kazi, na kila moja huandika kosa juu ya mwenzake. Skana itaonyesha P0562, ambayo ni volti za chini, ikisindikizwa na msururu wa makosa yanayoanza na U, yaani moduli zinalalamika kutosikilizana. Andika yote, yafute, chaji betri, washa mara tatu, soma tena. Yaliyorudi ndiyo ya kushughulikia.

Betri ikiwa nzima na bado volti zinaanguka, pima njia ya umeme. Mita kwenye volti za DC. Waya mweusi kwenye risasi yenyewe ya kichwa cha hasi, si kwenye kibanio. Waya mwekundu kwenye chuma kitupu cha injini. Piga stata. Zaidi ya volti 0.3 maana yake ethi ya injini (waya unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri) imechoka. Rudia kati ya hasi na bodi. Upande wa chanya, kutoka betri hadi skrubu kubwa ya stata, usizidi 0.5.

Kupima ethi kwa omu hakusaidii, ingawa wengi hufanya hivyo. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu za shaba utasoma karibu sifuri vilevile, lakini ukiutaka upitishe ampea mia kadhaa za stata utashindwa. Dawa ni kufungua sehemu zote za ethi, kupiga msasa hadi chuma kiwe cheupe, kukaza, kisha kupaka grisi juu baada ya kukaza. Waya ulioliwa na kutu ndani ya plastiki ubadilishwe, hausafishiki.

Ikiwa baada ya hayo kosa moja tu linabaki, mathalani U0121 la kupoteza mawasiliano na ABS, hapo angalia umeme na ethi kwenye plagi ya moduli hiyo, kisha nyaya za mawasiliano. Toa waya wa hasi wa betri, na kwenye soketi ya OBD (pale skana inapochomekwa) pima omu kati ya pini ya 6 na ya 14. Omu 60 ni sawa, kwa sababu kuna vizuizi (rezista) viwili vya omu 120 sambamba. Ukipata 120, kimoja hakionekani: waya umekatika au plagi imechomoka. Karibu na sifuri ni shoti. Kumbuka magari haya huwa na zaidi ya mtandao mmoja, na mingine haifiki kwenye soketi hiyo moja kwa moja.

Taa ya ABS ikibaki peke yake, pamoja na ile ya kushuka mlima, mara nyingi ni sensa ya gurudumu au waya wake unaopindika kila usukani unapogeuka. Moduli iwe ya mwisho kabisa kununuliwa. Ile ya kutoka kwenye gari bovu huhitaji kuandikwa upya kulingana na gari lako, na baadhi hazikubali.

SWALI: Gari linalala upande wa nyuma kila usiku. Kompresa inanguruma muda mrefu na fyuzi yake imeungua mara mbili. Nibadilishe kompresa?

JIBU: Hilo ni tatizo la hewa lililovaa nguo za umeme. Hewa inavuja, kompresa inafanya kazi kupita kiasi, inapata joto, inavuta ampea nyingi, fyuzi inakwenda. Ukifunga mpya bila kuziba uvujaji, itafuata njia ya mwenzake.

Inua gari hadi juu kabisa na uweke stendi imara chini ya chasi, na uzime kujisawazisha kwa gari kama mwongozo unavyoelekeza. Usiingie chini ya gari la suspensheni ya hewa kwa kutegemea hewa hiyo. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye mikunjo ya mpira, kwenye viungo vya mabomba na kwenye boksi la valvu. Kona moja ikishuka peke yake, shuku mpira au bomba la kona hiyo. Nyuma zote mbili zikishuka sawasawa, anza na valvu.

Ukibadilisha kompresa badilisha na rilei. Rilei iliyozoea mzigo mkubwa huungana vidole vyake na kompresa haizimi tena. Ichomoe, upime kati ya pini zake za 30 na 87: bila umeme kwenye koili pasiwe na mawasiliano. Na kile kichujio cha unyevu kilicho karibu na kompresa kipate chembe mpya, maana maji yakiingia kwenye valvu yanazigandisha kwa kutu.

SWALI: Mvua ikinyesha vioo vinajifungua, loki zinachezacheza, na kapeti ya mbele imelowa. Dirisha la paa halivuji hata tone. Maji yanatoka wapi?

JIBU: Yaelekea kutoka dirisha hilo hilo. Halijatengenezwa lizuie maji yote. Yanayopita mpira hukusanywa kwenye mfereji na kushushwa na mirija ndani ya nguzo za bodi. Mrija ukiziba kwa vumbi na majani, maji hushukia ndani, chini ya kapeti, mahali ambapo watengenezaji wengi wameweka moduli na viungo vya nyaya. (Kwa nini waliviweka hapo, waulizwe wao.)

Mimina glasi ya maji kwenye kila kona ya mfereji, na mwenzako aliye chini aangalie kama yanatoka. Pasipotoka, pitisha uzi wa nailoni wa milimita 2 taratibu. Usipige upepo wa kompresa, unaweza kuchomoa mrija kwenye kiungo chake na kujiongezea kazi. Yakipita vizuri pande zote, kagua kifuniko cha chujio la hewa ya ndani, karatasi ya plastiki ndani ya milango, na bomba la maji ya kiyoyozi. Kioevu kikinata na kunukia utamu, ni maji ya rejeta.

Kisha kausha kwa dhati. Toa hasi ya betri, subiri dakika kumi au zaidi, ndipo uchomoe plagi za chini ya kiti. Za njano ni za airbegi, usizipime kwa mita wala taa ya majaribio. Ng'oa kiti na uinue kapeti pamoja na sponji yake, ambayo hubaki imeloa hata juu kukiwa kukavu. Moduli yenye ukungu wa kijani isafishwe kwa brashi laini na spiriti ya aisopropili, ikauke kabisa kabla ya kurudishiwa umeme. Waya uliolowa huvuta maji ndani kama utambi: kata hadi ufike shaba inayong'aa, unga kwa waya wa unene uleule, na funika kwa mpira wenye gundi unaosinyaa ukipashwa joto. Viungo visikae mahali pamoja.

SWALI: Fyuzi ya wipa ya nyuma ya ampea 15 inaungua kila wiki. Fundi ameweka ya 30 na sasa haiungui. Kuna ubaya?

JIBU: Upo. Fyuzi hulinda waya, na sasa utakaoungua ni waya wenyewe, ndani ya paa. Toa hiyo ya kijani (ya 30) leo, na urudishe ya bluu (ya 15) kazi ikikwisha. Chomoa plagi ya mota ya wipa na ya kifaa kingine chochote kilicho kwenye mstari huo, weka balbu ya breki ya wati 21 mahali pa fyuzi, kisha ukunjue na kukunja taratibu mpira unaopitisha nyaya kwenye bawaba za mlango wa nyuma. Balbu ikiwaka kwa nguvu ghafla, umeipata shoti. Ukivuta mpira huo utaona waya uliopasuka ganda.