Vyombo vya Japani vya Paris 1900: biashara au kazi ya kasri?

Umeuliza kama vyombo vya Japani kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris, 1900, vilikuwa bidhaa za kuuza tu. Vingi, ndiyo. Lakini tangu 1890 kasri la mfalme lilikuwa na utaratibu wa kuteua mafundi bingwa, na kwa ajili ya Paris liliagiza kazi maalumu.

Ninayoipenda kuliko zote ni chombo cha maua cha Namikawa Yasuyuki wa Kyoto, aliyeteuliwa 1896. Ni cheusi tii, na juu ya weusi huo matawi ya cheri yamechanua, ndege wakiwa katikati yake. Kisogelee uone: kila petali na kila unyoya umezungushiwa uzi wa madini mwembamba kama unywele. Nyuzi hubandikwa moja moja juu ya umbo la chombo, katikati hujazwa unga wa kioo wa rangi, kisha tanuruni. Hujazwa tena, huchomwa tena, halafu husuguliwa kwa subira mpaka uso ung'ae. Moto ukizidi, kazi imeharibika.

Namikawa Sosuke wa Tokyo (si ndugu yake, ni majina tu yanayofanana) alikwenda njia nyingine: aling'oa nyuzi kabla ya kuchoma, rangi zikaingiana kama mchoro wa brashi. Ni ufundi mkubwa, lakini moyo wangu uko kwa Yasuyuki.

Chombo kile kilirudi Japani, kikatunzwa katika hazina ya sanaa ya familia ya kifalme.