Jibu: Mwalimu wa Kigoma, usiilipie hiyo leza ya "wati 80"

Mkuu, kama hujalipa, usilipe. Uzi wako nimeusoma wote: klabu ya sayansi hapo Kigoma, leza ya wati 80 ya mtandaoni, tanga la foili linaning'inia kwa uzi, majaji waone mwanga unavyosukuma chombo cha angani na kuondoa takataka zinazozunguka Dunia. Mimi huku Tabora niliinunua hiyo hiyo, tena kwa michango ya wazazi.

Wati 80 ni za umeme unaoingia. Mwanga unaotoka ni kama wati 10. Jamaa aliyeniuzia, mungu wa WhatsApp, kila swali anajibu "usijali bro", ndiye pia aliyenishauri nipake foili wino mweusi "ishike nguvu". Nikapaka. Leza ikawashwa, kamoshi kakatoka, foili ikarudi nyuma, watoto vigelegele, na mimi mtu mzima nikarukaruka nao.

Siku ya maonyesho jaji mmoja, mama mpole kabisa, akasema, "Mwalimu, hebu igeuze." Upande unaong'aa ukaielekea leza. Foili kimya. "Mwanga ukirudishwa unasukuma mara mbili ya ukimezwa. Sasa mbona huu unaong'aa ndio umegoma?" Nikajifanya natafuta ekstensheni. Kumbe muda wote iliyokuwa ikisukuma ni hewa ya moto na mvuke wa wino!

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi: chukua wati za MWANGA, zidisha kwa mbili, gawanya kwa kasi ya mwanga, mita 300,000,000 kwa sekunde; jibu ndilo msukumo wa mwanga kwa nyutoni. Wati 10 hazifikii hata uzito wa mbu, zimepungua mara mamia. Bwawa la Julius Nyerere lote, megawati 2,115, ukiligeuza kuwa mwanga, linasukuma sawa na uzito wa kilo moja na nusu, haifiki. Ndiyo maana wale wa Breakthrough Starshot, mradi wa kusukuma vijichombo kwa leza hadi nyota jirani, mwaka 2016 walipiga hesabu ya gigawati 100 kwa kijichombo cha gramu chache tu. Fanya hesabu hiyo. Ifanye tena.

Kinachonikera hadi leo ni kwamba ule mvuke ndio uliokuwa mradi wenyewe. Kwa takataka za angani, wanachopendekeza wataalamu ni mapigo mafupi ya leza yanayochoma ngozi ya kipande. Mvuke unaruka huku, kipande kinasukumwa kule, kinapungua kasi, kinashuka hadi kwenye hewa na kuungua. Hata Leik Myrabo, mhandisi Mmarekani, mwaka 2000 kule White Sands, Marekani, alirusha kichombo chake mita 71 juu kwa leza ya kilowati 10 iliyokuwa ikichoma plastiki iliyowekwa kwenye kichombo na kuigeuza mvuke. Sisi tulikuwa na mvuke, tukaandika kwenye manila "MSUKUMO WA MWANGA" kwa herufi kubwa.

Vimiwani vya bure vinavyokuja nayo usiviamini, foili itawarudishia watoto mwanga machoni. Muombe muuzaji karatasi ya kiwanda yenye wati za mwanga, iweke hapa tupige hesabu. Akikujibu "usijali bro", mblock.