Alfa 0.38 kwenye dodoso la kujithamini: usifute swali bado

Mkuu mleta mada, umesema umetafsiri skeli ya Rosenberg (ya 1965, maswali 10), ukaijaribisha kwa watu 40 kule Kilolo, Iringa, alfa ya Cronbach (kipimo cha jinsi maswali yanavyokubaliana, 1 ndiyo juu kabisa) ikatoka 0.38 na msimamizi kaikataa. Tulia kwanza.

Maswali 5 kati ya hayo 10 ni ya kinyume, mfano lile la kukosa cha kujivunia. Alama zake zinageuzwa kabla ya hesabu: kama majibu ni 1 hadi 4, toa jibu kwenye 5, hivyo 4 inakuwa 1 na 3 inakuwa 2. Fungua jedwali la uwiano (korelesheni) wa swali kwa swali, linaloonyesha majibu yanavyokwenda pamoja. Yale 5 yakisoma hasi dhidi ya mengine 5, hukugeuza.

Umegeuza na bado? Basi mchawi ni lugha. Mama wa Kilolo akiulizwa "Huna cha kujivunia?" akajibu "ndiyo", anakubali kwamba hana. Jirani yake anajibu "hapana, sina". Maana ni ileile, ila mdadisi mmoja katia tiki "nakubali" na mwingine "nakataa". Wadadisi wasipokee ndiyo wala hapana. Warudishe swali: "Yaani unacho, au huna?" ndipo watie alama. Na mzee anayewaza kwa Kihehe, kukana mara mbili ndani ya sentensi moja kutampoteza kabisa, vunja sentensi.

Alfa unaweza kuihakiki kwa Excel. Tafuta varianzi (kiasi alama zinavyotawanyika) ya kila swali, jumlisha, gawanya kwa varianzi ya alama za jumla, toa kwenye 1, zidisha kwa 10/9. Mfano: 6 gawanya kwa 15 ni 0.4, 1 toa 0.4 ni 0.6, 0.6 mara 10/9 ni 0.67. Wasimamizi wanang'ang'ania 0.70, lakini kwa watu 40 tu, 0.67 na 0.72 si za kugombania. Ikivuka 0.95 usishangilie, huenda unauliza jambo moja kwa maneno kumi.

Kipimo cha kurudia, kuona kama majibu yanabaki yaleyale: watu walewale, baada ya wiki 2, msimu uleule. Ukipima kabla ya mahindi kuvunwa na tena baada ya kuuzwa, kilichobadilika ni maisha ya mtu, dodoso linasingiziwa. Na kila mhojiwa apewe namba moja kwenye karatasi zote mbili. Bila hiyo hutajua nani ni nani.