Jumapili hupotea Jumamosi mchana

Mama mmoja wa Ruashi, hapa Lubumbashi, ameniandikia wiki hii kuhusu binti yake wa miaka 17. Jumamosi msichana alikimbia mbio za nyika za kupokezana, kipande chake kikiwa kilomita 2. Aliipokea timu ikiwa ya tisa, akaiacha ya nne, na watu wakamshangilia mpaka sauti zikawakauka. Jumapili, kwenye mbio zake mwenyewe za kilomita 6, alifyatuka na wa mbele, akashika nafasi ya tatu mzunguko wa kwanza. Katikati ya mzunguko wa tatu akapita chini ya kamba, akakaa kwenye nyasi. Mama anauliza: amekosa nini, damu, dawa au moyo?

Mama, miguu anayo. Anayepita wasichana watano ndani ya kilomita 2 hana deni la miguu. Nilikuomba unipangie saa kwa saa yaliyotokea tangu amalize Jumamosi mpaka alipoanza Jumapili, na jibu limo humo. Naliandika hapa kwa sababu wazazi wengi wa Lubumbashi wanaotaka watoto wao wafike mbali wanapoteza Jumapili namna hiyohiyo, halafu lawama zinamwangukia mtoto.

Kilomita 2 hazimmalizi msichana aliyezoea mazoezi. Ni kazi ya dakika 7. Wanga uliowekwa akiba kwenye misuli yake haukufika hata nusu kutumika. Kilichommaliza ni yaliyofuata. Alimaliza saa 4:20 asubuhi, akabaki uwanjani mpaka saa 9 alasiri akiwashangilia wenzake, amesimama juani na fulana ileile iliyolowa jasho, kwa chupa moja ya maji na maandazi mawili. Akarudi nyumbani kwa miguu. Akachota maji, bidoni sita za lita 20, na kila bidoni iliyojaa ni kilo 20 kichwani. Akaosha vyombo. Jioni familia nzima ikaenda kwenye matanga, akalala saa 6 usiku. Asubuhi akaamka na njaa, akanywa chai haraka, akapanda basi. Huyo hakushindwa kwenye mzunguko wa tatu. Alianza Jumapili akiwa tayari amechoka.

Tuanze pale anapovuka mstari. Asikae. Atembee na kukimbia polepole dakika 10 hadi 15, mpaka pumzi irudi ya kawaida, kisha avue kila kilicholowa, avae kikavu, na kofia. Mwezi wa 6 na wa 7 upepo wetu ni mkavu na wa baridi asubuhi, jua linakuja kuchoma baadaye, na mtoto aliyelowa anatetemeka kwanza halafu anakaushwa. Ndani ya saa ya kwanza ale. Kwa mtu wa kilo 50, gramu 50 za wanga zinatosha kuanzia: ndizi mbivu mbili za wastani zinakaribia hapo, kila moja ina gramu 25 hivi. Aongeze mayai mawili ya kuchemsha na kipande cha mkate. Vyote hivyo vinaingia kwenye mfuko mmoja, vinatoka nyumbani asubuhi, havisubiri mtu wa kuuza uwanjani. Baada ya saa mbili ale chakula kamili. Halafu aende nyumbani. Kushangilia ni kuzuri, lakini asimame kivulini, nusu saa, basi.

Maji yapimwe, yasikisiwe. Kama kuna mizani, mpime kabla na baada, bila viatu. Kila kilo moja iliyopungua inarudishwa kwa lita 1 na robo hadi lita 1 na nusu, kidogo kidogo mpaka jioni. Kama hakuna mizani, mkojo ndio kipimo: ukiwa wa njano iliyokolea saa 10 alasiri, bado anadaiwa. Akiwa ametoka jasho jingi, tengeneza mchanganyiko wa nyumbani: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu kwa kisu. Usizidishe chumvi ukidhani unaongeza nguvu. Chumvi nyingi inamtapisha, na inaweza kumdhuru. Munkoyo, kinywaji chetu kilichochachushwa, aachiwe wa Jumapili jioni, kwa sababu tumbo lenye gesi ni adui wa mkimbiaji.

Chakula cha usiku kiwe mapema, saa 1 jioni, na kiwe kile anachokula kila siku: bukari (ugali), kapenta (dagaa) au samaki, mboga kidogo. Hapa ndipo kina mama wengi wanaponikasirikia, maana sombe, yaani majani ya muhogo, ni chakula cha heshima na mtoto ana mashindano. Lakini sahani kubwa ya sombe yenye mawese, pamoja na maharagwe, inakaa tumboni mpaka kesho yake na kumsumbua kwenye mteremko wa kwanza. Sombe mpikie Jumapili, apewe ya kutosha.

Sasa zile bidoni. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimelirudia miaka na miaka kwa wazazi ninaowaheshimu. Kaka yake alikuwepo nyumbani siku hiyo. Hakukimbia popote. Mvulana akiwa na mechi, nyumba nzima inamwambia apumzike. Msichana akiwa na mbio, kazi inamsubiri mlangoni. Tunamwita bingwa uwanjani, na tunamrudisha kwenye bidoni kabla jasho halijakauka. Shingo, mabega na mgongo vilivyobeba kilo 20 mara sita ndivyo vilevile vinavyotakiwa kushika mwili wima kwenye kilomita ya tano. Kama maji lazima yachotwe, yachotwe Ijumaa, au na mwingine. Na matanga: mzazi mmoja aende, mwingine abaki nyumbani na mtoto. Ndugu wataelewa mkiwaeleza mapema.

Usingizi wa usiku wa kuamkia mbio huwa mbovu kwa wengi, moyo unadunda, na hilo halina shida kubwa. Usingizi unaobeba Jumapili ni wa Alhamisi na Ijumaa. Lakini kuna tofauti kati ya kukosa usingizi ukiwa kitandani toka saa 3 usiku na kukaa kwenye kiti cha plastiki mpaka saa 6.

Viatu. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo mambo madogo yanapoharibu mwaka mzima wa mazoezi. Ardhi yetu wakati wa kiangazi ni ngumu kama tofali. Hapo misumari ya soli, ile inayoshika ardhi, ya milimita 6 inatosha. Kwenye nyasi laini weka ya 9. Ya 12 na 15 ni ya matope, subiri mvua. Msumari mrefu kwenye udongo mkavu hauzami. Mguu unasimama juu yake kama juu ya kokoto, na shavu la mguu na mfupa wake vinalipa. Jumamosi jioni geuza kiatu juu chini chini ya taa. Utaona udongo mwekundu umejaza duara la kila msumari. Usugue kwa mswaki mkavu, fungua msumari kwa ufunguo wake, futa nyuzi zake za skrubu, paka vaselini kiasi cha kichwa cha kiberiti, rudisha, kaza mpaka usimame, usilazimishe zaidi. Bila mafuta, vumbi na kutu vinaushika, na siku ya mvua utahitaji kubadilisha ukute umeganda. Msumari mmoja ukidondoka na tundu likabaki wazi, mawe madogo yanakula nyuzi za ndani, na tundu hilo halitashika tena. Viatu vingi vya misumari hapa ni vya mtumba, kwa hiyo kabla ya kulipa jaribu kila tundu kwa ufunguo, yote, na si mawili ya mbele tu. Kiatu kilicholowa kijazwe magazeti, kisiwekwe karibu na makaa, gundi itaachia.

Kucha zikatwe Alhamisi. Namba ya kifuani ifungwe kwa pini nne, moja kila kona, akiwa amevaa fulana na mikono ameinua juu. Ukiifunga fulana ikiwa mezani, itamvuta kifua akianza kuhema.

Asubuhi ya Jumapili, tuseme mbio zinaanza saa 3:30. Aamke saa 12:00. Kufikia saa 12:45 awe amekula uji au mkate na chai yenye sukari, kiasi cha nusu ya anachokula kawaida, bila mafuta. Saa 2:35 aanze kukimbia polepole dakika 15, kitambaa kikiwa mdomoni kama hewa ni baridi na ina vumbi. Hewa baridi na kavu inabana njia za pumzi. Hata wale wanaoshindana kwenye theluji kwa mbao miguuni huko Norwe, pumu ni tatizo lao kubwa kwa sababu hiyo. Mtoto mwenye pumu atumie dawa yake ya kuvuta kama daktari alivyomwelekeza, kabla ya kuanza kupasha mwili, asisubiri kifua kianze kupiga filimbi. Kisha dakika 8 za kunyoosha viungo kwa mwendo, choo, na saa 3:10 avae misumari. Mbio fupi nne za mita 80, akiongeza kasi taratibu, akirudi kwa kutembea. Sweta livuliwe zikiwa zimebaki dakika 5.

Lakini mbio zetu zinachelewa, na hapo ndipo wengi wanapopoa. Wanakaa chini, wanapiga soga, bunduki inalia na miguu imeganda. Mkichelewa: sweta lirudi mwilini, na kila dakika 10 akimbie dakika 2 polepole na mbio fupi moja. Mkichelewa zaidi ya saa moja, nusu ndizi na funda mbili tatu za maji.

Sasa mwanzo wenyewe. Jumamosi alikimbia kilomita 2 kwa dakika 7, yaani 3:30 kwa kila kilomita. Msichana wa kiwango hicho akiwa mzima anaweza kulenga 3:45 kwenye kilomita 6, amalize kwenye dakika 22 na nusu. Tatizo ni kwamba mguu unakumbuka mwendo wa jana. Bunduki ikilia, 3:30 inamjia kama mwendo wa kawaida, na kwa kilomita ya kwanza haiumi. Inaanza kuuma kwenye ya tatu, na kwenye ya nne hakuna pa kujificha. Kwa hiyo Jumamosi, kabla ya kuondoka uwanjani, atembee na kuhesabu hatua toka mstari wa kuanzia hadi kona ya kwanza. Kama kona iko kwenye mita 150 na njia inabana, ana ruhusa ya kukimbilia nafasi hadi hapo tu, kisha apunguze mara moja. Kama ipo mita 500, hana haraka, waende. Bila saa mkononi, kipimo ni maneno: kwenye kilomita ya kwanza awe bado anaweza kusema maneno matatu kwa pumzi moja. Akibaki na neno moja, amezidisha.

Hata wakubwa hulipa deni hili. Kampala, mwezi wa 3 mwaka 2017, kwenye mbio za nyika za dunia, Joshua Cheptegei wa Uganda aliingia mzunguko wa mwisho akiongoza peke yake mbele ya watu wake. Ndani ya mzunguko huo miguu ilimkataa, akayumba kama mlevi, akamaliza wa 30. Geoffrey Kamworor wa Kenya akapita na kushinda. Siku hiyohiyo Jacob Kiplimo, naye wa Uganda, miaka 16, alishinda kilomita 8 za vijana. Cheptegei hakukosa moyo: alivuka mstari akiyumba, na mwaka 2019 huko Aarhus alishinda mbio hizohizo, Kiplimo akiwa wa pili na Kamworor wa tatu.

Umeuliza kuhusu damu. Swali zuri, kwa msichana anayepata hedhi na kufanya mazoezi makali. Lakini uchovu wa siku moja si dalili. Kama kwa wiki kadhaa anahema kwenye mwinuko alioupanda bila shida zamani, nenda maabara wapime hemoglobini (inayobeba oksijeni kwenye damu) na ferritini (akiba ya chuma mwilini) kwanza, ndipo ununue vidonge, maana chuma kikizidi kinadhuru. Nyumbani, chai isinywewe pamoja na chakula, ngoja saa moja. Na mboga za majani zikamuliwe ndimu. Umeuliza kuhusu dawa. Diklofenaki na dawa nyingine za maumivu za aina yake kabla ya mbio, hapana kabisa. Zinaficha maumivu ambayo mwili unayatuma kwa sababu, zinakera tumbo, na mwili uliokauka maji zinaubebesha figo mzigo. Vinywaji vya nguvu vya kwenye kopo, hapana pia.

Na moyo. Alipokaa kwenye nyasi alifanya sawa au vibaya? Inategemea alichokisikia. Kizunguzungu, maumivu ya kifua, kutetemeka kwa baridi juani: hapo atoke, na hakuna wa kumsema. Kama ni uchovu tu, apunguze sekunde 15 hadi 20 kwa kilomita, aangalie mgongo wa aliye mbele, amalize. Mwulize yeye, taratibu, mkiwa wawili tu. Usianze na amekuwa wa ngapi.

Kuhusu Jumamosi ijayo, asikimbie mashindano. Wiki hii mbio za polepole tu, dakika 30 mara tatu au nne, usingizi wa saa 9. Wiki inayofuata arudi kwenye mazoezi ya kasi, na alete viatu vyake, nataka kuona yale matundu.