Fundi anataka kuiongezea nguvu Boxer yangu, na mke wangu hajui

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29, ni bodaboda katika barabara ya Mbale kwenda Kapchorwa, Uganda, steji yetu iko chini ya mlima. Nina Boxer 100. Mwezi wa pili nilimaliza mkopo wake, na logibuku, ile hati ya umiliki, sasa ninayo mwenyewe. Shida yangu ni mlima wa Sipi. Wiki iliyopita nilibeba mwalimu pamoja na mfuko wake wa mchele, kwenye kona pikipiki ikakata pumzi hata gia ya kwanza. Mwalimu akashuka, akanilipa nusu, akapanda pikipiki ya 150, yenye injini kubwa, ya kijana aliyeanza kazi juzi tu. Steji nzima sasa wananiita Konokono. Fundi ananipa njia mbili: atanue silinda na kuweka pistoni kubwa, au aning'olee injini nzima na kunifungia ya 150 aliyoitoa kwenye pikipiki iliyopata ajali. Ya kwanza shilingi 450,000, ya pili 900,000. Nyumbani tuna 900,000 kamili, ila 400,000 ni za mke wangu za nyanya, na anataka tukodi shamba la vitunguu. Nifanye ipi? Na je, nimwambie mke wangu sasa, au asubiri aone pikipiki inavyopanda?*

Marahaba, mwanangu. Na hongera ya logibuku. Mtu asiyewahi kulipa mkopo wa pikipiki kila wiki, mvua au jua, hawezi kujua uzito wa kile kikaratasi.

Mimi na marehemu mume wangu tuliuza spea za pikipiki hapa Mbale miaka 14, kwa hiyo nitakujibu kama shangazi na kama mtu wa dukani.

Tuanze na silinda. Ya Boxer 100 ina upana wa milimita 53, na pistoni inatembea milimita 45. Ndipo zinapotoka zile cc 99, yaani ujazo wa injini. Fundi akiitanua hadi milimita 56, utapata cc 110 hivi. Ni nyongeza ya sehemu moja ya kumi na kidogo. Pikipiki yako ilipotoka dukani ilikuwa na nguvu za farasi 8 hivi, na ile 150 inayokupita ina 12. Kwa hiyo utatoa 450,000 upate karibu farasi mmoja, na kijana wa 150 atakupita vilevile. Kumbuka pia kwamba huko juu hewa ni nyepesi. Injini kama hizi hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1000 unazopanda, na Sipi iko juu ya mita 1700. Sehemu kubwa ya huyo farasi mmoja mlima utaimeza kabla hujafika kwenye maporomoko ya Sipi.

Kuna kijana mmoja simsahau. Alikuja dukani na pistoni ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki, akaiweka juu ya meza bila kusema neno. Katikati ya kichwa chake palikuwa na tundu linaloingia kidole gumba, kingo zake zimeyeyuka kama mshumaa. Kwenye plagi palikuwa na vitone vya alumini vimeganda. Fundi wake alitanua silinda, akatoa na chujio la hewa ili "ipumue", lakini jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha petroli, akaiacha ileile. Hewa ikawa nyingi, petroli ikawa kidogo, joto likapanda, na injini hii haina maji ya kuipoza, inategemea upepo. Ukipanda mlima polepole na mzigo, upepo wenyewe haupo. Aliuziwa pistoni nyingine, lakini silinda ilikuwa imeshatanuliwa, haikubali tena pistoni ya kawaida. Aliondoka amekaa kimya vilevile alivyokuja. Mume wangu siku ile hakula chakula cha mchana.

Kwa hiyo hapana, silinda usiiguse.

Hiyo ya injini nzima ndiyo inayonitia hofu zaidi. Namba ya injini imeandikwa kwenye logibuku yako. Ukifunga nyingine bila kuandikisha mabadiliko, askari akilinganisha namba utakuwa umepanda pikipiki isiyo yako kwenye karatasi. Na hiyo injini ya "ajali", umeona karatasi zake? Umemwona mwenye nayo? Kama iliibwa, wewe ndiye utakayekutwa nayo. Halafu huenda fundi akalazimika kukata na kuchomelea fremu ili ikae. Na hata ikikaa vizuri, breki zitabaki zilezile za 100. Mlima unaoupanda ndio unaoushuka, na abiria nyuma na gunia. Breki za ngoma zikishikwa mfululizo kwenye mteremko hupata moto na kuacha kushika. Nimeshazika watu wa barabara hiyo, mwanangu. Sitaki kusikia habari zako kwenye redio.

Sasa nikuulize. Pikipiki imefanya kazi miaka yote ya mkopo, kila siku. Mara ya mwisho kupima valvu ni lini? Ringi za pistoni je? Boxer 100 nzima, yenye afya, inapanda Sipi na mtu mmoja na mfuko wa mchele. Itapanda polepole, lakini itapanda. Ikikata pumzi gia ya kwanza, inaumwa. Sikiliza kwenye kona ileile: kama injini inapiga kelele na pikipiki haisogei, ni klachi imeisha, sahani zinateleza. Kama inazama na kutoa moshi mweusi, angalia chujio la hewa, vumbi la huku kwetu linalijaza upesi. Moshi wa bluu ni oili inaungua, hapo ni ringi au sili za valvu. Inua gurudumu la nyuma ulizungushe kwa mkono. Lisipozunguka huru, breki inakamata, na umekuwa ukipanda mlima huku umeshika breki bila kujua. Hilo nimeliona mara nyingi mno.

Ukishaitibu, badilisha spoketi ya mbele, lile gurudumu dogo la meno linalovuta mnyororo. Kama ina meno 14, weka ya 13. Nguvu ya kuvuta inayofika gurudumuni itaongezeka kwa karibu asilimia 8, bila kufungua injini. Kwenye tambarare utapoteza kasi kiasi hichohicho, na injini itapiga mizunguko zaidi ukikimbia kwenda Mbale mjini, kwa hiyo usiikamue. Riziki yako iko mlimani. Kazi yote hii haifiki hata robo ya ile 900,000, labda injini ikutwe imechoka kabisa.

Kuhusu mke wako, hapo nitakuwa mkali kidogo. Zile 400,000 ni mgongo wake, umeinama kwenye nyanya. Ukizichukua kimya halafu injini ife, utamwambia nini? Na ukizichukua kimya halafu injini ipande vizuri, bado atajua kwamba wewe ukitaka kitu, unachukua kwanza. Mwambie leo jioni. Na usianze na bei. Anza na yule mwalimu aliyeshuka. Mwambie wanakuitaje steji. Najua mwanamume hapendi mkewe alijue jina kama hilo, lakini huenda ameshalisikia sokoni, na amekuwa akingoja wewe useme.

Halafu mkodi hilo shamba. Vitunguu vikikubali, na wewe ukiweka akiba yako kidogokidogo, Boxer hii yenye injini yake halisi na logibuku safi utaiuza kwa bei nzuri, uongeze, ununue 150 iliyozaliwa 150. Mteja wa pikipiki iliyochomelewa hutampata kirahisi.

Jumapili asubuhi, kabla ya wateja, panda peke yako bila mzigo hadi ile kona. Zima injini papo hapo, ngoja ipoe kidogo, fungua plagi. Ikiwa kahawia kama chai ya maziwa, mchanganyiko wa hewa na petroli uko sawa. Ikiwa nyeusi kavu kama masizi, anza na chujio na kabureta. Ikiwa nyeusi yenye oili, nenda kwenye ringi. Ipige picha, kisha niandikie rangi uliyoikuta, pamoja na alichosema mama watoto.