Honi mpya zinapiga kelele, za zamani zinanong'ona, ampu inazima

SWALI: Asalam alaykum fundi. Niko Micheweni, mskitini kwetu tuna ampu (amplifaya) ya wati 120 na honi tatu mnarani, zote zimefungwa kwenye skrubu za COM (ya pamoja) na 100V nyuma ya ampu, zimefanya kazi miaka bila tatizo. Juzi tumeongeza honi mbili mpya tukaziunga kwenye waya uleule. Sasa za zamani zinanong'ona tu, mpya zinapiga kelele, na tukipandisha sauti kidogo taa ya protekti (kinga ya ampu) inawaka ampu inazima. Kuna mtu kasema ampu imekufa, mwengine kasema mpya tuzihamishie COM na 8. Tufanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam. Ampu haijafa, na hiyo taa ya protekti ndo iliyoiokoa. Kwa dalili ulizotaja mi nadhani hizo honi mbili hazina transfoma ndani, ni za ohm 8 tupu (ohm ni kipimo cha ukinzani, ikiwa ndogo umeme unapita mwingi), na dukani watu wanauziwa hivyo kila siku kwa sababu kwa nje zinafanana.

Waya wa 100V unataka kila honi iwe na transfoma yake ya kushusha volti. Honi ya wati 30 yenye transfoma ampu inaiona kama ohm 333 hivi, ya ohm 8 inaiona nane tu. Sasa chukua volti 10 ndogo tu ipite kwenye huo waya, honi ya ohm 8 inakula wati 12 na nusu, yako ya zamani inapata 0.3, ndo maana inanong'ona. Na mbili za ohm 8 zikikaa pamoja ni ohm 4, wakati ampu ya wati 120 kwenye 100V haitaki kushuka chini ya ohm 83, kwa hiyo ukipandisha tu inajizima.

Hakikisha kwanza. Zima ampu, chomoa na plagi, fungua kifuniko cha nyuma cha honi mpya. Ukikuta nyaya mbili tu zinakwenda moja kwa moja kwenye driva (kile kinachotoa sauti), basi haina transfoma. Yenye transfoma utaona kijichuma kimezungushiwa waya, na nyaya za rangi rangi au skrubu zilizoandikwa wati, 30, 15, 10. Ukiwa na mita pima ohm: isiyo na transfoma itasoma kama 6 au 7. Yenye transfoma inasoma zaidi lakini usitegemee kuona 333, mita ya kawaida haipimi hivyo, usishtuke.

Huyo aliyesema COM na 8, msimsikilize. Kutumia 8 na 100V kwa pamoja kwenye ampu moja ni kuitafutia moto, unachagua njia moja.

Dawa ni kununua transfoma mbili za lain za 100V, uliza Chake au mwagize mtu anaekwenda Darajani, Unguja. Halafu usiziweke wati 30, maana tatu za zamani, kama kila moja imewekwa 30, tayari ni 90 na mie sipendi ampu ibebe zaidi ya asilimia 80, yaani 96 hapo kwako. Weka zote tano kwenye 15, jumla 75. Najua mtasema sauti itapungua, kila honi itashuka desibeli 3 tu, mtu wa mbali hatojua, na Ramadhani nzima ampu haitowachezea.

Ukishafanya hivyo na bado inazima, basi kuna shoti. Zima ampu, chomoa honi zote, zitoe na nyaya mbili za mnarani kwenye ampu, halafu zipime upande huo: ikisoma karibu na sifuri na hamna honi hata moja, waya umegusana njiani, angalia pale unapopita chini ya bati. Ikiwa safi, rudisha honi moja moja. Na viungo huko juu vifungue hata kama tepu inaonekana nzima, upepo wa chumvi unaingia ndani shaba inakuwa kijani, hicho kipande kikate ukiunge upya, kukwangua tu hakutoshi.