Shangazi, nataka kupasuliwa ili nipande farasi

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 39, naishi Tabata, watoto wawili. Nina kilo 118, urefu sentimita 160, na nameza dawa za sukari. Juzi nilimpeleka binti yangu kwenye banda moja la farasi huko Kigamboni, nikaomba na mimi nipande. Kijana wa pale akaniambia kwa adabu, "Mama, mwisho wetu kilo 90." Upasuaji wa kupunguza tumbo daktari alishanishauri zamani nikaogopa, sasa nautaka. Mume wangu ananicheka, eti wenzio wanapasuliwa waokoe maisha, wewe unapasuliwa kwa ajili ya punda mrefu. Je, sababu yangu ni ya kipuuzi? Nimfiche daktari?
Mama wa Tabata

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo punda mrefu kanichekesha, lakini baba watoto kakosea. Nimekuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji hadi nikastaafu, na niliowaona wakikata tamaa mapema ni wale waliokuja na sababu za kuazima: mume kasema, mawifi wamesema. Wewe umekipata unachokitaka mwenyewe. Mwambie daktari habari za farasi, usione haya.

Ila hatakupasua kwa sababu ya farasi. Atachukua kilo zako, agawanye kwa urefu wako kwa mita, kisha agawanye tena kwa urefu huohuo. Kwako inatoka 46. Siku hizi upasuaji hufikiriwa kuanzia 35, na wewe una sukari juu yake. Kwa hiyo unastahili kuonwa, farasi awepo asiwepo. Hospitali ya Mloganzila wanaifanya kazi hiyo, na puto la tumboni, la kujaza nafasi ya chakula bila kupasua, pia wanaweka. Lakini puto hutolewa baada ya miezi kadhaa, na kwa uzito wako nisingelitegemea.

Sasa twende kwenye hesabu ya banda. Kanuni inayotumika sana ni farasi asibebe zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wake mwenyewe. Farasi wa kilo 450 anabeba 90, na tandiko limo humohumo! Tandiko nalo laweza kufika kilo nane, kumi. Kaulize kama 90 yao ni ya mtu peke yake. Maana ukikatwa mfuko wa chakula, ule upasuaji unaoondoa zaidi ya robo tatu yake, wengi hupungua robo ya uzito au zaidi kidogo ndani ya mwaka au mwaka na nusu. Wewe utaangukia themanini na kitu. Panabana, mwanangu. Chai yenye sukari ya kukolea, soda na juisi ya miwa hupita kwenye mfuko mdogo kama maji kwenye chujio, na ndizo zitakazokurudisha juu. Samaki, yai na maharage vitangulie, ugali ukikosa nafasi basi. Vitamini utameza maisha yako yote. Mimba usishike kwa mwaka mmoja na nusu hivi. Muulize pia daktari kuhusu mshono kuvuja na damu kuganda. Ni nadra, lakini hutokea, na ni haki yako kujua kabla hujasaini.

Kupanda kwenyewe kusubiri ruhusa yake. Wiki za kwanza hata ndoo ya maji hutainua, sembuse kurushwarushwa kwenye tandiko. Kwa sasa waombe wakufundishe kumsugua farasi brashi na kumtembeza kwa kamba. Huko hakuna mzani, na utatembea kweli.

Suruali ya kupandia usishonewe sasa. Fundi atakupima mwaka huu, na mwakani itakudondoka.